Gofu la Watu Watatu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Gari ya spika imepita mtaani mara tatu tangu asubuhi. Baraza linahesabu majengo. Kila nyumba itapimwa, itapewa daraja, itapewa namba, italipa kodi. Mara tatu! Taka za sokoni hazijazolewa tangu Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, eti gari hakuna. Gari ya spika ipo.

Redio ilitangaza wiki iliyopita kwamba Baraza letu ni la pili kutoka mwisho kwa kukusanya kodi ya majengo. Mie nilifurahi. Nilidhani tunasifiwa. Kumbe wakubwa wameona haya, na haya zao tunalipishwa sisi.

Nyumba yetu ni ya babu. Mawe matupu, kuta nene, vyumba sita na ukumbi. Babu alikuwa na mashamba mpaka Wingwi. Mashamba hayapo tena, nyumba ipo. Tunakaa watatu: mimi, mke wangu Asma anayepika mikate ya kuuza, na shangazi yangu Bi Mwanawema, dada wa marehemu baba, miaka themanini na miwili. Binti yetu Shatha ameolewa Wete.

Nimekwenda kulisoma tangazo lenyewe. Nyumba daraja la kwanza zinalipa sana. La pili, wastani. La tatu, kidogo. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo: magofu hayalipi kitu. Nimelirudia mara nne. Nimekuwa karani wa ghala la karafuu miaka ishirini na sita. Herufi ndogo ndiyo kazi yangu.

Jirani yangu Msellem amenikuta pale pale. Huyu ndiye sheha wetu, mkono wa serikali hapa mtaani. Alipotafutwa sheha miaka tisa iliyopita, yalipelekwa majina mawili, lake na langu. Barua yangu ilikuwa na mwandiko mzuri zaidi. Wakamchagua yeye. Akaniambia kwake keshapimwa, keshalipa, risiti ameibandika dukani kwake. Hakuna aliyemuuliza!

Jumanne, 4 Februari

Kazi kubwa leo. Nimeng'oa mabati sita ya jikoni. Nimebandua plasta ya mbele kwa jembe. Madirisha mawili nimeyatia uvunguni. Nimekodi mbuzi wanne kwa shemeji yangu wa Wingwi, nimewafungia ukumbini.

Asma alisimama mlangoni na unga mikononi. Alitaka kujua nyumba isiyo na paa atapikia wapi. Nikamwambia ni siku moja tu. Akasema siku moja ndiyo aliyoambiwa nilipofuga kuku wa mayai.

Shangazi kauliza kama tunahama. Nikamweleza taratibu: kesho atakuja kijana wa Baraza, yeye akae chumbani, asiseme neno. Akakubali. Akataka kujua huyo kijana ni mtoto wa nani.

Jumatano, 5 Februari

USHINDI!

Kijana anaitwa Nizar. Adabu tele, shikamoo kwa mikono miwili, simu kubwa ya kupigia picha na kupimia kuta. Nikamwambia hapa hapakai mtu siku hizi, tunakuja kulisha mbuzi tu. Tunalala kwa jamaa. Mbuzi mmoja akafanya haja mbele ya kiatu chake, mnyama mwenye akili kuliko madiwani wetu wote.

Kila kitu kilikwenda sawa mpaka tulipofika ukumbini. Ikatoka sauti chumbani, tamu kabisa: "Karibu mwanangu, karibu ndani! Hujambo? Umekunywa chai?"

Shangazi! Mgeni hawezi kupita mbele yake bila ya kukaribishwa. Hata mwizi angemwambia akae. Nikasema ni redio. Nizar akatazama mlango, akanitazama mimi. Akasema redio yetu ina sauti safi. Kisha akapiga picha ya mbuzi, akaandika, na akachora msalaba mwekundu ukutani. Nikachungulia simu yake: GOFU. HALIKALIWI.

Usiku huu sitalala kwa furaha, na kwa mvua inayoingia jikoni.

Ijumaa, 7 Februari

Orodha ya majengo imetua kwa sheha ili atie saini. Baada ya Sala ya Ijumaa Msellem alinivuta pembeni. Akaniuliza kama nina hakika nataka nyumba ya Bi Mwanawema iandikwe gofu. Nikamjibu ni nyumba ya babu yangu, na kazi yake yeye ni kusaini. Akaniuliza mara ya pili. Nikamwambia asaini!

Akasaini. Bila ya ubishi. Ningejua ningetilia shaka. Lakini pale niliona kashindwa, nikaagiza kahawa nikawalipia watu wote waliokaa, hata wawili nisiowajua.

Jumatano, 12 Februari

Leo siku ya pensheni ya wazee. Shangazi huamka mapema siku hii kuliko siku ya Idi. Buibui lililopigwa pasi, udi, mkoba mdogo mweusi. Pesa yenyewe si nyingi, lakini ni yake. Ananunua tambuu ya kutafuna, anampa kidogo mwanamke anayemkanda miguu, na watoto wa chuo cha Kurani kila mmoja anapata peremende. Halafu anakaa kibarazani kama tajiri.

Nikamsindikiza mpaka skuli wanakolipia. Mezani yuko binti wa Baraza anaitwa Yumna, ana mashine ndogo. Akapokea kitambulisho, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Bibi hayumo," akasema.

"Hayumo vipi, na mwenyewe huyu hapa kasimama?" nikamuuliza.

"Mashine inasema hana makaazi, mzee. Nyumba aliyoandikishwa ni gofu, haikaliwi."

Shangazi akasogea karibu. "Gofu la nani, mwanangu?"

Yumna akasoma namba ya nyumba. Shangazi akafunga mkoba wake. Nyuma yetu wazee kama arubaini, wote masikio.

Hili nitalisema mpaka nife! Baraza hili miaka kumi na moja limeshindwa kuunganisha bomba kuu la maji na bomba la mfereji wetu, na mabomba yote mawili yapo, yanatazamana! Lakini daftari la kodi na daftari la pensheni wameyaunganisha kwa wiki moja! Wiki moja! Nani kawatuma kufanya kazi?

Njiani Shangazi hakupitia dukani. Nyumbani alivua buibui akalikunja. Alasiri Asma akamuuliza mbona hatafuni. Akajibu tambuu siku hizi inamuumiza meno.

Hana meno.

Alhamisi, 13 Februari

Ofisi ya Baraza. Nimefika saa mbili, nimeonwa saa sita. Benchi lina miguu mitatu na tofali.

Yule Yumna wa pensheni alinipa fomu ya kurejesha makaazi. Fomu inataka namba ya nyumba. Namba imefutwa, kwa sababu ni gofu. Nikamwambia si gofu, ni nyumba imara, babu kaijenga kwa mawe, inaweza kuhimili hata tetemeko la ardhi. Akageuza kompyuta yake nikaona. Mbuzi wanne, wananitazama.

Nikasema picha hudanganya. Akaniuliza, kwa upole, nani kawaweka mbuzi. Nikamwambia swali hilo halimo kwenye fomu.

Akanipeleka chumba cha pili kwa Nizar. Huyu naye akasema nyumba hupimwa upya kwa maombi ya mwenyewe, yaliyotiwa saini na sheha. Sheha! Halafu akafungua mtoto wa meza, akatoa barua. Alitaka kuituma kesho, lakini maadamu nipo. Nikaisoma kwa kusimama. Jengo lililo gofu ndani ya mtaa ni hatari kwa wapita njia. Mwenyewe anapewa siku kumi na nne alibomoe, la sivyo Baraza litalibomoa na kumdai gharama.

Nilikaa kwenye lile benchi la miguu mitatu. Hiyo nyumba ndimo alimozaliwa Shangazi, alimozaliwa baba, nilimozaliwa mimi. Imepita mapinduzi, imepita njaa, imepita vimbunga. Sasa ibomolewe na karatasi ya Baraza lisiloweza kubomoa hata kichuguu cha barabarani!

Ni kosa lao. Kijana mwenye macho mawili anaambiwa mtu ni redio, na anaandika.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekwenda kwa Msellem. Nimeandika sentensi hii mara tatu na kuifuta mara mbili.

Alikuwa anakula. Akanikaribisha chakula, nikakataa, akanikaribisha tena, nikala. Samaki wa nazi, chumvi imezidi. Nikampa fomu ya kuomba nyumba ipimwe upya.

"Wewe wakaa wapi, Thuwein?" akaniuliza.

"Wajua nikaapo. Ukuta wangu na wako ni mmoja."

"Nakuuliza kama sheha. Nataka unambie kwa mdomo wako."

Mkewe yupo mlangoni, wateja wawili wapo dukani. Nikasema nakaa katika nyumba ya babu yangu, na mke wangu, na shangazi yangu. Akaniuliza kama nyumba hiyo ni gofu. Nikasema si gofu. Akataka niseme kwa sauti kidogo, sikio lake moja lina maji. Nikasema SI GOFU. Mteja mmoja akasema alhamdulillah.

Akasaini. Nikamuuliza kwa nini alisaini ile ya kwanza ilhali alijua. Akasema aliniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilimpigia kelele mbele ya msikiti.

Nimerudi nyumbani kupumua, nikamkuta Shangazi anatafuna tambuu. Nikauliza imetoka wapi. Msellem! Tangu jana anamletea tambuu, na anamlipa yule mkandaji. Shangazi kasema mtoto wa watu alijifunza Kurani, Juzuu Amma, mbele yake utotoni, hajasahau.

Eti huruma! Kumwaibisha mtu kwa shangazi yake mwenyewe, kwa tambuu! Mimi nina pesa ya tambuu. Ilikuwamo kwenye ile kahawa.

Jumapili, 16 Februari

Maombi yamefika, Nizar anakuja Jumanne kupima upya. Asma kasema rejesha mabati, rejesha madirisha, toa mbuzi, basi. Wanawake hawajui ofisi. Mtu aliyekwisha kuandika gofu haandiki nyumba ya kawaida, ataona haya kujisahihisha kwa kidogo. Lazima ashtuke. Lazima aone kasri!

Mabati yamerudi. Plasta nimepiga mpya. Mbele nimepaka rangi ya kijani iliyobaki ya kupaka chuo, imetosha mpaka chini ya madirisha. Nimeazima makochi ya shemeji, yule yule wa mbuzi, gari ya kuyabeba nimelipa mimi. Mapazia ya Shatha kutoka Wete. Friji ya jamaa wa Konde haifanyi kazi, lakini mlango wake unafunguka vizuri sana.

Shangazi amekalia kochi, hataki kushuka.

Jumanne, 18 Februari

Nizar kafika saa tatu. Akasimama nje muda mrefu, akitazama kijani. Moyo wangu ukafurahi.

Nikampitisha chumba kwa chumba. Nikamwonesha unene wa kuta. Nikafungua friji, nikaifunga. Akauliza vyumba sita kwa watu watatu tunavifanyia nini. Hapo ningesema viko tupu. Kweli tupu! Lakini mdomo ulikwisha kupata moto, nikasema vitatu ni vya wageni.

"Wageni wa familia, mzee?"

"Wageni wa nje. Watalii. Hawapendi mahoteli, wanapenda nyumba za mawe."

"Wanalipa?"

"Wanalipa vizuri!"

Asma akatoka ukumbini. Jikoni zikasikika sufuria.

Shangazi kutoka kwenye kochi akasema, "Wageni gani, Thuwe? Humu hajalala mgeni tangu msiba wa babako. Na kochi hili mie silijui."

Nizar akamwamkia, akambusu mkono, akamwambia sauti yake anaikumbuka, ni ile ya redio. Shangazi akacheka mpaka akakohoa. Nizar akaandika. Nikachungulia. Daraja la kwanza. Inakaliwa. Nyumba ya wageni, vyumba vitatu, leseni hakuna.

Nikamwambia asikilize maneno ya bibi, bibi ni mkweli. Akasema bibi ameshamwandika kuwa ni mkaazi, kwa ajili ya pensheni yake. Ya biashara ameyasikia kwa mwenye nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba kateleza ulimi. Akasema kuna fomu.

Hivi ndivyo wanavyofanya kazi! Nikisema uongo wanaandika. Nikisema kweli wanataka fomu!

Alhamisi, 20 Februari

Barua mbili kwa siku moja, Baraza limepagawa. Ya kwanza: amri ya kubomoa imefutwa. Ya pili: madai. Kodi ya daraja la kwanza, na juu yake ada ya leseni ya nyumba ya wageni, na faini ya kufanya biashara bila ya leseni. Nililala kidogo mchana. Asma alidhani nimekufa.

Msellem alikuja jioni bila ya kuitwa. Akaomba aione barua. Akaisoma kwa kidole. Akasema ada ya wageni na faini zinaweza kuondoka kama sheha ataandika kwamba hapajawahi kulala mgeni. Ataandika, ni kweli. Daraja la kwanza hawezi kuligusa, rangi ameiona mwenyewe kutoka dukani kwake.

Nikamwambia sihitaji. Asma akamwambia nahitaji. Akaandika pale pale, kwenye kochi la shemeji. Mwandiko mbaya kweli kweli. Kuku angeandika vizuri zaidi.

Jumanne, 25 Februari

Pensheni ya Shangazi imerudi, na ya mwezi huu wamempa. Ameivalia buibui lile lile. Yumna alimwinukia.

Nilidhani atapitia dukani. Hakupitia. Amekaa kwenye mkeka, makochi yamesharudi Wingwi, akafungua mkoba, akaweka pesa zote chini mbele yangu. Noti zimenyooka.

"Za kodi," akasema.

Nikamwambia haiwezekani. Nikamwambia hiyo ni haki yake, ni ya tambuu, ni ya peremende za watoto, kodi ni shauri langu.

"Sikukuuliza, Thuwe. Nyumba ya baba yangu imeitwa gofu mbele za watu. Nataka risiti ibandikwe mlangoni, kila apitaye aisome."

Asma akaleta kikopo cha mikate, akaongeza. Nami nikatoa nilizokuwa nazo. Hazikuwa nyingi. Sisemi ngapi, hata humu.

Nikaenda kulipa. Yumna akagonga muhuri, Nizar akaja kunipa mkono. Nimeibandika risiti mlangoni kwa misumari minne. Shangazi kaitazama kwa muda mrefu, hasomi bila ya miwani na miwani hakuvaa. Nilimkalia pembeni. Nilitaka kumwomba radhi. Nikamwambia Baraza hili halina utu. Akanipapasa kichwa kama mtoto, akasema ndiyo, mwanangu.

Kuanzia leo mimi na ujanja basi. Nimemwapia Asma.

Jumatano, 26 Februari

Nimepita Konde kununua tende za Ramadhani. Kwenye mti wa umeme kuna tangazo la Baraza, bado gundi mbichi. Wakulima wa mwani watapewa vifaa bure: kamba, mabuti, turubai za kuanikia, na fedha kidogo za kuanzia. Masharti: uwe na shamba la mwani ufukweni Shumba. Mwisho wa kuandikisha Jumatatu.

Hili silo lile. Lile lilikuwa la kukwepa kulipa, na kukwepa ni vibaya, nimekubali. Hili ni la kupokea. Kupokea hakujawahi kumdhuru mtu.

Sina shamba la mwani. Bahari yenyewe naiogopa, nikitia mguu natapika. Lakini juzi maji yalipokupwa niliwaona kina mama wa Shumba, kamba zao mamia, zimefungwa vijiti sawasawa, hazina jina hata moja. Nimechukua fomu mbili, moja nikikosea. Asma sijamwambia, asije akahangaika bure na funga imekaribia. Mkaguzi anakuja wiki ijayo saa tano asubuhi, nimeuliza. Saa tano siku hiyo maji yatakuwa yamejaa.

Na kamba zikiwa chini ya maji, nani atajua ni za nani?